Ditekta ya Kumtafutia Mama

Kalista Isdori, fundi cherehani wa Sumbawanga mjini, hakuwa na kaburi. Msinielewe vibaya. Alikuwa mzima wa afya, na sketi zake za shule zilisifiwa mtaa mzima, na kwaya ya parokia isingeanza wimbo bila sauti yake. Nasema hakuwa na kaburi la kwenda. Kila tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote, watu wanabeba majembe, mafagio na mishumaa, wanakwenda kusafisha makaburi ya watu wao, na padri anapita akinyunyiza maji ya baraka. Kalista naye anakwenda. Anasimama kwenye kaburi la mama wa jirani yake, anapalilia, anaimba, analia. Analia kwelikweli, mpaka jirani mwenyewe anaona aibu kwamba yeye machozi hayamtoki.

"We Kalista," jirani alimuuliza mwaka juzi, "mama yangu ulimjua wewe?"

"Sikumjua."

"Sasa?"

"Naazima tu."

Kuazima kaburi! Ungo unaazima, sufuria unaazima, hata chumvi ya kumalizia mboga unaazima. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama yake mzazi, Bertilla, alizikwa Mwazye, shambani kwa ukoo wa mumewe, Kalista akiwa hajaanza hata shule. Alifariki kwa uzazi, yeye na kichanga chake. Kabla msiba haujapoa, baba alimchukua Kalista akateremka naye bonde la Rukwa, Ilemba, akaoa huko, akalima huko, akafa huko huko. Mwazye hakurudi tena. Ukimtajia Bertilla alikuwa anainuka kwenda kuangalia mbuzi, hata kama mbuzi wamelala.

Kalista alipopata akili na nauli yake mwenyewe, alikwenda Mwazye kumtafuta mama. Nyumba ilishaanguka. Msalaba wa mti ulishaliwa na mchwa. Na shamba, ee Mungu wangu, lilikuwa limejaa ntumba. Asiyejua kilimo cha Kifipa nimweleze: watu wanakata majani, wanayafunika kwa udongo, yanaoza humo ndani na kuwa mbolea, kwa hiyo shamba zima linajaa matuta ya mviringo yaliyoinuka. Sasa mwambie mtu anayetafuta kaburi moja aingie humo. Alizunguka kutwa nzima akichungulia tuta hadi tuta, akiuliza, "Ni wewe? Ni wewe?" Shangazi yake, aliyekuwa bado hai wakati ule, alimwonyesha upande wa mto. Walipokwisha kunywa chai akamwonyesha upande wa barabara. Aliyejua alishakufa, na aliye hai alishasahau.

Mwenyewe alibakiwa na kumbukumbu mbili tu za siku ile ya mazishi. Ya kwanza ilikuwa sahani. Sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu, ambayo mama alizoea kulia ugali wake. Mjomba aliitoboa katikati kwa msumari, ko!, akaichomeka kichwani mwa kaburi, nusu ndani nusu nje, kwa maana katika ukoo ule sahani ya marehemu haitumiwi tena na mtu.

Ya pili ilikuwa ile asiyoipenda. Wanaume walipokuwa wanachimba, wanawake waliwakalisha watoto kwenye lundo la udongo, wakawapa vikapu, wakawaambia wachambue mawe meusi yote wayatoe. Kalista akachambua pamoja na wenzake. Mawe yale yana makali, yakamkata vidole. Alipotaka kuacha, mama mmoja alimzaba kofi mgongoni. "Chambua! Usiache hata moja!" Hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, mpaka ukubwani. Siku mama yake anazikwa, watu wazima walikosa hata huruma ya kumwacha mtoto akae alie. Walimpa kazi.

Basi mwaka huu, mwezi wa kumi, simu ikaita. Alikuwa Theodory, mtoto wa baba yake mdogo, ndiye anayelima shamba lile la Mwazye. Ni mtu mwema Theodory, tatizo lake hajui kuzunguka mbuyu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Njema. Nimeona nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Shamba nimelikodisha. Kuna jamaa analima alizeti. Mvua ya kwanza ikinyesha, trekta linaingia."

"Na mama?"

"Dada, mama mkubwa namheshimu. Nionyeshe alipo, nitamwekea uzio kwa mikono yangu. Lakini siwezi kumwambia mtu wa trekta aliache shamba lote kwa sababu mama mkubwa yumo humo mahali fulani."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma. Plau la ng'ombe linakwaruza juu juu, marehemu hata hasikii. Trekta linageuza ardhi, la chini linakuwa la juu. Kalista alikata simu akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa blauzi mahali pa kola, akafumua, akaushona tena palepale. Alimtamani mama yake mchana ule kuliko alivyomtamani utotoni. Utotoni alikuwa na tumaini kwamba ukubwani atampata.

Sindano ilimdondoka. Akafanya kama mafundi wote wanavyofanya, akachukua sumaku yake akaipitisha sakafuni, na sindano ikaruka yenyewe ikanasa. Akaitazama. Akaitazama tena. Sahani ya bati si chuma?

Msicheke. Jumamosi hiyo alikuwa Mwazye na sumaku kubwa ya spika mbovu, ameifunga kamba, anaikokota shambani kama mtu anayetembeza mbwa mvivu. Sumaku ilivuta mchanga mweusi mpaka ikaota ndevu. Happy, mke wa Theodory, alimtazama kutoka mlangoni mwa jiko, akaweka mwiko chini.

"Wifi, huyo unayemkokota anakula nini?"

Walicheka wote wawili mpaka Kalista akaketi chini, na alipoketi kicheko kikageuka kilio. Happy akaketi kando yake.

Mteja mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu ndiye aliyemwambia kwamba kuna mashine. Inaitwa ditekta. Ina mpini, chini ina duara, unaipitisha juu ya ardhi, ikikuta chuma inalia. Na anayeziuza Sumbawanga yupo, Ambilikile, karibu na soko kuu.

Ambilikile alikuwa mtu wa Mbeya aliyezunguka machimbo ya Chunya ujana wake wote, akatoka huko na mgongo mbovu na maneno mengi. Duka lake lilikuwa la pampu na sola, na ditekta zilikaa nyuma ya kaunta. Kalista alipoingia akiwa na futi yake shingoni, Ambilikile alimkadiria haraka.

"Karibu mama. Dhahabu?"

"Hapana."

"Basi ni rupia za Wajerumani. Usinifiche, mama yangu. Wote wanaokuja hapa wana babu aliyewaachia ramani."

"Natafuta sahani."

"Ah, sahani ninazo!" Akavuta duara jeusi, pana, lenye waya. "Hili duara la chini ndilo tunaloliita sahani. Kubwa inasikia mbali, ila mkono utakufa ganzi. Ndogo haisikii sana chini, lakini inapita vizuri kwenye matuta. Kwa mtu anayeanza, chukua ndogo."

"Kaka, mimi natafuta sahani ya kulia chakula."

Ambilikile alicheka mpaka akashika mgongo wake. Kisha, kwa kuwa biashara ni biashara, akauliza sahani hiyo iko ardhi ya wapi. Aliposikia Mwazye akapiga mluzi.

"Uwiii! Mwazye na mavi ya chuma yote yale?"

Hapo alisema kweli. Wafipa wa zamani walikuwa wahunzi wakubwa. Walijenga matanuru marefu ya udongo yanayoitwa malungu, wakayeyusha humo mawe ya chuma wapate majembe, na makapi yaliyobaki waliyamwaga nje. Makapi yale ni meusi, mazito, yana makali, yamezagaa mashambani mpaka leo. Ndiyo mavi ya chuma.

"Mama, nisikilize mimi niliyeteseka," Ambilikile alisema, akaweka mashine mbili juu ya kaunta. "Hii ya kwanza haina adabu. Chuma inalia, msumari inalia, kizibo cha soda inalia. Ukiipeleka Mwazye utachimba mavi mpaka ukome. Sasa hii ya pili ndiyo mashine. Inabagua. Unaiweka hapa, basi chuma inakipita kimya, haina habari nacho. Ikilia, ujue ni shaba, ni fedha, ni dhahabu. Kila anayeanza namwambia hivyo hivyo: nunua inayobagua, utanishukuru."

Ilikuwa nzuri kweli, nyeusi, ina kioo chenye namba. Kalista alishaingiza mkono kwenye mkoba, kwenye pesa aliyokuwa anaitunza kwa ajili ya cherehani ya pili. Lakini fundi hakati kitambaa kwa kuambiwa. Anapima kwanza.

"Nisubiri," alisema.

Alitoka akaenda kwa mama ntilie wa jirani, akarudi na sahani ya bati, bado ina harufu ya maharage. Akaiweka sakafuni. "Haya, pitisha hiyo inayobagua."

Ambilikile akapitisha. Kimya. Akairudisha. Kimya. Mashine ikapita juu ya sahani ile kama tajiri anayepita kwa ndugu yake maskini.

"Unaona?" Ambilikile alisema kwa fahari. "Bati ni chuma tu, mama. Inabagua!"

"Inambagua mama yangu," Kalista alisema.

Ndipo akamweleza. Alimweleza akiwa amesimama, sahani ya watu mkononi. Ambilikile, mtu wa maneno mengi, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaitoa ile mashine nzuri kaunta, mwenyewe, akairudisha ndani ya boksi lake.

"Pole sana, dada," alisema. Mama akawa dada. "Kosa langu. Mimi nimezoea wanaotafuta utajiri. Chukua hii ya kwanza. Ila nakuambia mapema ili usije ukanilaumu, kule italia kila mahali."

"Ilie tu," Kalista alisema. "Mimi mwenyewe nimelia kila mahali."

Na ikalia. Hee! Aliingia shambani na upepo wa Ufipa unaovua watu kofia, hedifoni masikioni, mashine mkononi, na kila alipokanyaga ikapiga kelele. Alichimba, akatoa jiwe jeusi. Akasogea, ikalia, akachimba, jiwe jeusi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka kiuno kikawa si chake. Waliopita njiani walikuwa na yao ya kusema. Wengine walisema amepata ramani ya Wajerumani. Wengine, na sisi watu wa Sumbawanga tunajulikana kwa kusingiziwa mambo haya, walisema anaongea na mizimu kwa simu.

Jioni alibeba ndoo ya mawe yale hadi nyumbani kwa Theodory, akaiinamisha ayamwage kando ya uzio, pale alipozikwa baba mdogo, baba yake Theodory. Happy alitoka jikoni mbio, unga mikononi.

"Wifi! Wifi, toa hapo! Hayo ni mavi!"

"Ni mawe tu, wifi."

"Yanaitwaje? Si mavi? Sasa mavi anawekewa marehemu? Watu wa hapa watatufukuza." Akayaokota yaliyokwisha kudondoka, moja moja, akimwomba marehemu radhi kwa Kifipa.

Kalista aliona haya, akaimwaga ndoo barabarani. Hakufikiri zaidi. Alikuwa amechoka, na mawingu upande wa ziwa yalishaanza kuwa mazito.

Kesho yake asubuhi alikwenda kuchota maji, akapita nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku. Mlango wa banda ulikuwa umeoza chini, ukazibwa kiraka. Kiraka chenyewe kilikuwa kitu cha mviringo, kimeliwa na kutu. Lakini upande mmoja, pale palipokingwa na ubao, kulikuwa na ukingo wa buluu. Na katikati, tundu la msumari.

Aliweka ndoo chini.

"Theodory," aliita. "Hii umeitoa wapi?"

Theodory alikuja akitafuna muhogo. "Hicho? Kiliokotwa na plau, zamani. Ng'ombe walikikokota, sisi tukakikuta mwisho wa shamba kule..." Akakoma kutafuna. Alimtazama dada yake, akatazama kiraka, na muhogo ukamdondoka. "Dada. Dada, nisamehe. Mimi sikujua."

Angejuaje? Hakuna aliyemwambia. Kalista hakumgombeza. Alikuwa amenunua mashine kwa ajili ya sahani, ameacha mashine nzuri kwa ajili ya sahani, na sahani ilikuwa inazuia vicheche wasiingie kwa kuku. Sasa hata angelipekua shamba lote kwa vidole, hakukuwa na kitu cha kumwambia, "Mama ni huyu hapa."

Akachukua ditekta akaenda shambani. Usiniulize kwa nini, hata yeye hakujua. Labda ni mazoea tu, mtu aliyefiwa anaandaa chai ya mtu asiyekuwepo. Alivaa hedifoni, akawasha, akatembea. Hakuinama tena. Mashine ilipiga kelele kulia, ikapiga kelele kushoto, na yeye akalia nayo, kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamsikia, hata yeye mwenyewe hakujisikia. "Mama!" aliita, mtu mzima na miwani yake ya kushonea. "Mama, trekta linakuja. Mama, niambie!"

Na masikioni mwake kukawa kimya.

Alidhani betri zimekwisha. Akarudi nyuma hatua moja, mashine ikalia. Akasogea mbele, ikanyamaza. Akapitisha duara huku na huku, polepole, kama anavyopitisha pasi juu ya gauni la bibi harusi. Kimya. Akafuata kimya kile kwa urefu mpaka kilipokwisha, mashine ikalia, akachomeka kijiti. Akafuata upande wa pili, akachomeka kijiti. Akaenda mapana, akachomeka. Alipomaliza akavua hedifoni akavitazama vijiti vyake. Fundi hahitaji kuambiwa vipimo. Ulikuwa urefu wa mtu, na upana wa mtu aliyelala.

Shamba zima limejaa mavi ya chuma, hapa hapana hata moja. Nani aliyatoa?

Akaketi chini. Aliiona tena siku ile, lundo la udongo, kikapu, vidole vinavyotoka damu, na kofi. Chambua, usiache hata moja! Mavi anawekewa marehemu? Kumbe hawakumpa kazi. Walikuwa wamempa mama yake. Udongo uliokuwa unakwenda kumfunika Bertilla ulipita kwanza mikononi mwa mtoto wake, na mtoto akautoa uchafu wote, jiwe kwa jiwe, ili mama asifunikwe na kitu chenye jina baya. Alikuwa amemtandikia mama yake kitanda, akawanunia watu maisha yake yote kwa ajili ya hilo.

Na ile mashine ya kubagua, nawaambia, ingekuwa kimya shamba zima. Angepita juu ya mama yake asijue.

Theodory na Happy walikuja mbio walipomwona ameketi chini. Akawaonyesha vijiti. Theodory alitazama, akaelewa, akavua kofia. Kisha akaenda kukata miti ya uzio bila kuambiwa, na Happy akamfuata kubeba.

Kalista alibaki. Akavaa hedifoni tena, akaanza kupitisha duara ndani ya vijiti, taratibu, kutoka miguuni kwenda kichwani. Hakuwa anatafuta kitu. Alitaka tu kusikia kile kimya. Alipofika karibu na kifua, mashine ikalia. Mlio mdogo, mmoja.

Akachimba kwa vidole. Haikuwa mbali. Lilikuwa jiwe jeusi, dogo, la ukubwa wa punje ya hindi, la kutosha kuupita mkono wa mtoto aliyechoka. Akalifuta kwa kanga, akasimama, akalitupa mbali kwa nguvu zake zote, nje ya vijiti. Akarudisha udongo, akausawazisha kwa kiganja, akapitisha mashine mara nyingine. Kimya.

"Mama," alisema, "nimemaliza."